Mwongozo wa Kuwa Staa wa Dunia Bila Kusikika Mwanjelwa

Msanii anayejitegemea wa Mbeya au Iringa ana bahati ambayo baba zake hawakuwa nayo. Zamani, ili wimbo wako usisikike, ilibidi ukose hela ya studio, ukose basi la kwenda Dar es Salaam, au ukataliwe Redio Tanzania. Leo unaweza kutosikika ukiwa umejilaza kitandani kwako Ilomba, simu mkononi, na dunia nzima iko hewani ikikusubiri.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa ufanisi. Zana zote zipo, nyingi ni za bure, na zinafanya kazi. Hapo ndipo penye hatari: zana nzuri ikitumiwa ovyoovyo inaweza kukuletea wasikilizaji kwa bahati mbaya.

Mahitaji ni haya: simu janja, bando la wiki, taa ya duara ya kurekodia video, miwani ya jua ya kuvaa hata Julai Iringa inapokuwa na baridi ya kupasua midomo, na rafiki mmoja wa kuandika "kaka hii ngoma ni moto" chini ya kila unachoposti. Rafiki huyo mtaani huitwa chawa. Chawa wa mastaa hulipwa. Wako atataka vocha tu.

Hatua ya 1: Jipe jina lisilotafutika

Chagua jina ambalo hata mama yako akiambiwa alitafute YouTube atashindwa. Weka alama ya dola mahali pa S, weka 3 mahali pa E, kisha ongeza Young, Boy au Classic, maneno ambayo wasanii wengine wanayo tayari kuanzia Mombasa hadi Lusaka. YouTube liandike hivi, Boomplay liandike vile, na kwenye fomu za usajili jaza jina la cheti cha kuzaliwa bila kutaja la kisanii.

Faida yake utaiona mapema. Mitandao ya muziki hupanga nyimbo kwa kufuata jina la msanii na taarifa ambazo kampuni ya usambazaji imeziwasilisha pamoja na wimbo. Majina yakigongana, wimbo wako wa mapenzi uliorekodiwa Kihesa unaweza kuangukia kwenye ukurasa wa rapa wa Afrika Kusini, naye akakusanya wasikilizaji wako bila habari.

Bahati mbaya tatizo hili lina dawa. Spotify, iliyofungua milango Tanzania mwaka 2021, ina huduma iitwayo Spotify for Artists. Boomplay, Audiomack na YouTube nazo zimeweka mlango wa msanii kuthibitisha ukurasa wake, kubadili picha na kuona wanaomsikiliza wako wapi. Usiingie humo. Ukigundua kwamba nusu ya wanaokusikiliza wako Makambako, utalazimika kwenda Makambako.

Hatua ya 2: Fungua akaunti kila mahali, usikae popote

Jisajili kwenye kila mtandao uliowahi kuusikia, kisha ipuuze yote kwa usawa. Posti jalada la wimbo, andika "linki iko kwenye bayo", na kwenye bayo weka linki inayofungua ukurasa wenye linki nyingine kumi na mbili. Msikilizaji aliyeanza safari akiwa na bando atafika kwenye wimbo akiwa na salamu ya mtandao wake wa simu: kifurushi chako kimekwisha.

Usijiulize watu wa kwenu wanasikiliza muziki kwa njia gani. Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi, ilijengwa na watu waliotambua kwamba msikilizaji wa huku kwetu anapenda kupakua wimbo mara moja akabaki nao kwenye simu, kuliko kuukatia bando kila anapotaka kuusikia. Boomplay na Audiomack nazo huruhusu mtu kupakua na kusikiliza bila intaneti. Mambo hayo usiyatangaze. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akiyajua, atakusikiliza shambani kutwa nzima, na wewe lengo lako ni Los Angeles.

Facebook iache kabisa. Kule kuna walimu, wenyeviti wa kamati za harusi, wenye baa na wafanyabiashara wa viazi. Kwa kifupi, kuna watu wenye hela. Wewe kaa TikTok, ushindane kucheza na wanafunzi wa kidato cha pili ambao hawana nauli ya kuja kwenye shoo yako. Na hata huko TikTok usihangaike kutafuta kipande kifupi chenye mstari ambao watu wanaweza kuuigiza jikoni au kwenye bajaji. Weka kinanda chote cha mwanzo. Sauti yako ianze wakati mtazamaji ameshahamia kwenye video ya mbuzi.

Hatua ya 3: Toa wimbo Ijumaa, kwa sababu Marekani hutoa Ijumaa

Tangu Julai 2015 kampuni kubwa za muziki duniani zilikubaliana kutoa kazi mpya siku ya Ijumaa. Hiyo ndiyo siku ambayo wimbo wako utakuwa sokoni pamoja na nyimbo za kila mwenye lebo, kamera na mwanasheria. Kabiliana nao ana kwa ana.

Spotify humruhusu msanii kupendekeza wimbo wake kwa wahariri wa orodha za nyimbo, na hushauri afanye hivyo siku saba au zaidi kabla haujatoka. Kwa hiyo upakie Alhamisi usiku.

Kalenda ya wakulima isikuhusu. Ni kweli kwamba katikati ya mwaka mpunga wa Mbarali na Kyela unapouzwa, hela inatembea hadi kwenye kumbi. Ni kweli kwamba kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti uwanja wa John Mwakangale pale Mbeya hujaa watu wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kwa ajili ya Nane Nane, na kwamba vyuo vikifunguliwa, Iringa mjini hujaa vijana wenye spika kubwa kuliko magodoro yao. Wewe toa wimbo Februari, wakati kila mzazi anatafuta hela ya mbolea na bado anadaiwa michango ya shule. Ukiona kimya, laumu algorithimu.

Hatua ya 4: Nunua mashabiki

Kuwatafuta watu mmoja mmoja kunachosha. Kwa hela ya kawaida tu, kijana ambaye hujawahi kuonana naye atakuletea watazamaji elfu kumi kutoka nchi ambayo hakuna anayejua Kiswahili. Wafuasi watamiminika usiku mmoja, na komenti zao zitakuwa makofi matupu. Utakwenda na namba hizo kwa mwenye ukumbi, atavutiwa, atakupa Jumamosi, na Jumamosi hiyo utawaimbia mhudumu, DJ na chawa wako.

Mitandao nayo itakusindikiza. Njia mojawapo ya chaneli ya YouTube kuingia kikamilifu kwenye mgawo wa matangazo ni kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na watazamaji feki hufutwa kila wanapogundulika. Spotify, tangu 2024, haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Tena huitoza faini kampuni ya usambazaji ikibaini kwamba wimbo umesikilizwa kwa wingi na roboti. Kampuni ikitozwa, itakugeukia wewe au itauondoa wimbo.

Kama bado una hamu, zingatia kesi ya Marekani ya Septemba 2024. Waendesha mashtaka walimtuhumu mtu mmoja wa North Carolina kwamba alijipatia mirabaha ya zaidi ya dola milioni 10 kwa kutumia maelfu ya akaunti za roboti zilizosikiliza mamia ya maelfu ya nyimbo za akili mnemba. Wewe una nyimbo tatu na bando la wiki. Hata wizi unataka mtaji.

Hatua ya 5: Tafuta kiki

Wimbo mzuri una gharama. Kiki haihitaji prodyuza. Tangaza kwamba umeachana na mpenzi ambaye hakuna anayemjua. Mtukane staa wa Dar es Salaam kwenye laivu yenye watu wanne. Hatajibu, na kimya chake utakieleza kuwa ni woga.

Kiki ya daraja la juu ni kufungiwa. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo" na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia. Muda si mrefu Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, mtu wetu wa Kyela, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameelekeza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Novemba 2018 ikawa zamu ya kijana wa Mbeya, Rayvanny, na Diamond Platnumz: wimbo wao "Mwanza" ulifungiwa, wakauimba jukwaani hata hivyo, wakazuiwa kufanya shoo. Mjini na vijijini hapakuwa na habari nyingine.

Usijisumbue kuangalia tofauti iliyopo kati yao na wewe. Wale walikuwa na majina kabla ya kufungiwa. Wimbo wa asiyejulikana ukifungiwa, hakuna anayejua kama umefungiwa au haujatoka.

Hatua ya 6: Dharau kila aliye karibu

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa hiyo ifuate bila kuruka neno.

Mwanjelwa jijini Mbeya, na vivyo hivyo katikati ya Iringa mjini, kuna vijana wenye kompyuta, spika na nyaya zilizofungamana, wanaowaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wateja wao ni bodaboda, wenye saluni, wenye baa, na madereva wa malori ya mbao wanaotoka Mafinga. Mteja hataji msanii. Anatoa flashi na kusema, "Niwekee mpya zinazobamba." Mwenye mamlaka ya kuamua ngoma gani inabamba Mbeya, kwa hiyo, ni kijana yule mwenye kandambili.

Kisheria biashara yake inahitaji ruhusa ya mwenye wimbo, na mara nyingi ruhusa hiyo haipo. Hoja hiyo itumie kama sababu ya kutomsogelea kamwe. Maana ukimwendea wewe mwenye haki, ukampa wimbo kwa hiari yako, jina lako na namba yako ya simu vikiwa vimeandikwa kwenye jina la faili, ukamwomba auweke juu kabisa ya folda, unaweza kusikika Sae, Uyole na Igawilo kabla ya Jumapili. Usimpe. Mtumie linki.

Mabasi yanayoondoka Mbeya alfajiri kwenda Dar es Salaam nayo yana televisheni pale mbele, na abiria hamsini na kitu walio na kilomita zaidi ya 800 za kukaa kimya. Hakuna mtandao wenye watazamaji waliofungwa mkanda namna hiyo. Kondakta huonyesha video zilizomo kwenye flashi yake, basi. Akikusalimia stendi, geuka upande wa pili.

Redio za huku, kama Ebony FM ya Iringa, zisubiri kwanza upigwe Dar es Salaam. MC wa harusi usimzoee, ingawa kila Jumamosi ana ukumbi uliojaa na kamati iliyotafuta hela miezi mitatu. Kwaya za makanisa, zinazojua kuuza kazi zao kwa muumini mmoja mmoja mlangoni baada ya ibada, zione za kizamani. Na ukipewa nafasi ya kutumbuiza Tukuyu au Kilolo, usifungue kwa "ndaga fijo" wala "kamwene". Fungua kwa Kiingereza cha Atlanta, watu wajue umetoka mbali.

Atatokea mzee wa kukukumbusha Tancut Almasi. Atasema kwamba miaka ya 1980 bendi hiyo ilikuwa hapahapa Iringa, ikimilikiwa na kampuni ya kuchonga almasi, ikiwa na mapacha waimbaji kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na kwamba nchi nzima iliwajua bila yeyote kati yao kumiliki simu ya mkononi. Waliwapigia watu dansi, wakarekodi Redio Tanzania, redio ikabeba kazi hadi Kigoma. Mjibu kwamba zama zimebadilika. Usikubali akuongezee kwamba kilichobadilika ni chombo cha kubebea, na kwamba sehemu ile ya kuwapigia watu dansi bado haijapata mbadala.

Hatua ya 7: Usihifadhi namba ya mtu

Baada ya shoo, mtu akija kukwambia "mwanangu umetisha", mpe mkono umwache aende zake. Usimwombe namba. Usimwambie naye aihifadhi yako.

Hili lina sababu ya kiufundi. WhatsApp ina listi ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 kwa mkupuo, kila mmoja akaupokea kama ameandikiwa peke yake, lakini unamfikia yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Maana yake listi hiyo haiwezi kujazwa na roboti. TikTok ikibadili utaratibu wake leo jioni, wafuasi wako elfu kumi wanaweza wasikuone tena. Wale wa kwenye listi watapokea ujumbe kesho asubuhi kama kawaida.

Kwa viwango vya mwongozo huu, watu 200 ni aibu hata kuwataja. Wakija wote kwenye shoo yako na kila mmoja akalipa kiingilio cha shilingi 5,000, unapata milioni moja. Hela kama hiyo itakupotosha. Utaanza kudhani muziki ni kazi, na mjomba anayekuuliza kila Krismasi lini utaajiriwa atakosa la kusema.

Hatua ya 8: Karatasi ni za watu wa benki

Biti ipakue YouTube palipoandikwa "bure", na masharti yaliyo chini yake usiyasome. Siku wimbo ukishika, mwenye biti ataudai kupitia mfumo wa Content ID, na hela ya matangazo itamfuata huko aliko. Na prodyuza wako msiandikiane. Mwambiane tu, "Tukitoboa tutaongea." Mkitoboa mtaongea kweli, kila mmoja akiwa na wakili wake.

Usijisajili BASATA, wala kazi zako usizisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Redio, baa, hoteli na wengine wanaotumia muziki kwenye biashara wanatakiwa kulipia, na mirabaha hugawiwa kwa kazi ambazo mwenyewe anajulikana. Kazi isiyo na jina kwenye daftari inapigwa bure, na msanii wake anabaki kulalamika kijiweni, jambo ambalo nalo lina utamu wake.

Kampuni ya usambazaji chagua ile ambayo tangazo lake umeliona kwanza. Usiulize inakata asilimia ngapi. Usiulize hela inafikaje Tanzania, kwa benki au kwa njia gani nyingine. Usiulize kama nyimbo zitabaki hewani mwaka ambao utashindwa kulipa ada. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video za kawaida, lakini malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Kwa mwendo wa msanii anayefuata mwongozo huu, hizo zitakuwa urithi wa wajukuu.

Hatua ya 9: Hamia Dar es Salaam

Yote yakishindikana, na yatashindikana, panda basi. Kwenye kikao cha kuaga familia mtaje Rayvanny, kijana wa Mbeya aliyeingia WCB, lebo ya Diamond, akapata tuzo ya BET mwaka 2017, na Novemba 2021 akapanda jukwaa la tuzo za MTV Ulaya mjini Budapest akiwa na Maluma. Yote ni kweli. Usitaje kwamba nyuma yake kulikuwa na lebo, timu ya video na staa mkubwa kuliko wote nchini wakati huo.

Mtaje na Sugu, ila simulia nusu: kwamba alitamba Dar es Salaam miaka ya 1990 kwa jina la Mr. II. Nusu ya pili ni kwamba mwaka 2010 aligombea Mbeya Mjini na watu wa nyumbani wakampeleka bungeni. Hiyo ifiche. Watu wataanza kufikiri kwamba Mbeya ikimpenda mtu, inaweza kumfikisha mahali.

Kwa asiyetaka kufuata mwongozo

Zana za mtandao hazina kosa. Zinabeba wimbo kutoka kwa watu walioupenda hadi kwa wenzao. Hazina uwezo wa kuubeba kutoka pasipo na mtu. Kwa hiyo msanii wa Mbeya na Iringa, kabla hujalipia tangazo hata moja, watafute watu mia wa kwanza kwa miguu yako: Mwanjelwa, Tunduma, Mafinga, Kihesa. Uandike majina yao na namba zao. Jina lako liwe moja kila mahali, kazi zako zisajiliwe, makubaliano na prodyuza yawe kwenye karatasi. Mitandao miwili unayoimudu inatosha.

Nawe msomaji ambaye si msanii, kijana wa mtaani kwenu akikutumia wimbo, usimjibu kwa kidole gumba kabla hujaufungua. Usikilize hadi mwisho. Ukikupendeza mtumie na mwenzako, na siku ya shoo lipa kiingilio kama wengine, usiombe kuingia bure kwa sababu mlisoma wote.